Madirisha ya Bwana Subiri

Wiki nzima nilikuwa nimesikia neno moja tu: imegoma. Kompyuta ya mhasibu imegoma, printa ya masjala imegoma, mtandao wa ghorofa ya juu umegoma. Mimi ndiye ninayetunza mashine za ofisi ya maji, kwenye chumba cha chini kinachopakana na choo, na ikifika Ijumaa jioni sina hamu hata ya kuwasha televisheni yangu mwenyewe. Ndugu zangu wanalijua hilo na hawajali. Kwao mimi ni mali ya ukoo. Kwenye harusi mtu ananifuata na laptopu kwapani. Msibani pia wananifuata, ila huko wananong'ona.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi mkaza mjomba aliponipigia, nilijua shida ni nini kabla hajamaliza salamu.

"Mwanangu, njoo umwangalie mjomba wako."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amezingirwa."

Nikavaa viatu nikinung'unika. Angekuwa mtu mwingine ningejitia hamnazo, lakini kwa mjomba huyu siwezi, maana ndiye kaka pekee wa mama yangu aliyebaki, na ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza nikiwa nalia njia nzima.

Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye swichibodi ya hospitali kuu. Kilikuwa chumba chembamba nyuma ya mapokezi, chenye meza moja, kiti cha kuzunguka ambacho hakikuzunguka tena, na ule ubao wa simu wenye taa ndogondogo. Ukipiga hospitali, uwe mkubwa wa serikali au mke wa mlinzi, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa yake: "Subiri kidogo, nakuunganisha." Manesi wakaanza kumwita Bwana Subiri, madaktari wakafuata, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Leo hata mwenye duka la jirani hamjui kwa jina jingine.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakupewa na mkubwa wake yeyote. Hakumkatia mtu simu. Walimpigia walevi, wakampigia watoto waliokuwa wakichezea simu za wazazi wao, na hata mzee mmoja aliyetaka kujua kama hospitali inauza mbolea. Wote aliwasikiliza mpaka wakaweka chini wenyewe. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa, alinisimulia habari ya mama mmoja aliyepiga kuulizia saa za kutazama wagonjwa, kisha akaulizia njia ya kufika, kisha akaulizia kama leo kuna foleni, na ndipo mwisho kabisa akasema mtoto wake amekunywa mafuta ya taa. "Ningemkatia kwenye foleni," mjomba alisema, "ningekuwa nimemkatia na yule mtoto." Tangu hapo sikumuuliza tena.

Nilimkuta sebuleni, ameketi mbele ya kompyuta ya mezani, mikono juu ya mapaja, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kugeuza kichwa. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na vurugu ya sokoni. Dirisha moja lilimpongeza kwa kushinda gari. Jingine, jekundu, lilimwonya kwamba mashine yake ina virusi na apige namba ifuatayo upesi. Jingine lilimwambia kuna wasichana karibu na mtaa wake wanaotaka kuzungumza naye, na hapo nikamtazama mkaza mjomba, naye akatazama dari. Katikati ya yote hayo mwanamke asiyeonekana alikuwa akieleza dawa ya kupunguza kitambi.

"Mjomba, kwa nini hufungi?"

"Hajamaliza," alisema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kila dirisha lilipofunguka alilisoma tangu mwanzo hadi mwisho, akasikiliza kama lina sauti, akangoja linyamaze, kisha akaenda kwenye linalofuata, na wakati huo nyuma yake mengine yalishafunguka. Kila lililomuuliza kama anakubali, alikubali. Ndivyo siku zilivyokuwa zikimwishia. Alifungua kivinjari asubuhi asome habari, na mpaka jioni alikuwa hajaifikia habari hata moja.

"Na hii namba ya kwenye dirisha jekundu, hukuipiga, sivyo?"

"Niliipiga. Waliniambia nisubiri, nikasubiri mpaka salio likaisha." Akavua miwani akaifuta kwenye shati. "Mpokeaji wao hajui kazi. Anakuacha na muziki, harudi kukuambia bado yupo."

Nilivuta kiti. Sikuwa na nguvu za kucheka wala za kukasirika, nikamuuliza tu mambo yalianza lini na alipakua nini. Alikumbuka vizuri. Alikuwa ametafuta mchezo wa karata, ule wa kucheza peke yako, akaupata wa bure. Wakati wa kuuweka, ulimpitisha kurasa nyingi, kila moja na vijisanduku vyenye alama ya vema iliyokwisha kuwekwa, na masharti kwa herufi za kuumiza macho. Sisi wengine wote hubonyeza "endelea, endelea, endelea" bila kusoma, ndiyo maana tunaibiwa. Mjomba yeye alisoma kila sharti mpaka nukta ya mwisho, akaona pale palipoandikwa kwamba programu nyingine za matangazo zitawekwa pamoja na mchezo, kisha akakubali.

"Uliona, na bado ukakubali?"

"Waliuliza kwa adabu."

Mkaza mjomba akaniita jikoni. Ni mama mnene, mcheshi, anayetembea kwa kuegemea vitu tangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, na jikoni kwake kila kitu kimepangwa mahali mkono unapofika kabla ya mguu. Alifunga mlango kwa kisigino.

"Nataka hiyo mashine iwe imepona kesho mchana," alisema. "Binti atapiga."

Hapo nikaelewa kwa nini nimeitwa kwa haraka hiyo, na uchovu wangu ukabadilika ukawa kitu kingine, kizito zaidi.

Binti ni mtoto wao wa pekee, binamu yangu. Kompyuta ile ni yeye aliyemnunulia baba yake. Alipopata kazi ng'ambo, mama yake alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali na hajaweza hata kugeuka kitandani. Mjomba alimwomba angoje. Binti akasema kazi haitangoja. Maneno yakawa mengi, na akiwa mlangoni na sanduku lake, mjomba akamwambia: ukitoka, usipige simu hapa. Binti ana kichwa kigumu alichokirithi bila kupunguziwa hata kidogo. Akaondoka, na hakupiga. Alikuwa akimpigia mama yake kila wiki kwenye simu yake ndogo ya vitufe, na kila ilipolia mjomba aliinuka akasema anakwenda kuangalia geti. Geti lile lilikuwa limeangaliwa kuliko geti la benki. Akirudi haulizi lolote, na mkaza mjomba anaisimulia sufuria kwa sauti kubwa: "Binti yako amehamia chumba kingine, kina jua." Mjomba husimama palepale akijifanya anatafuta kijiko mpaka sufuria imalize kusimuliwa. Maisha hayo yalikuwa yameingia mwaka wa tatu.

"Amepata likizo," mkaza mjomba alisema. "Ameniambia hivi: kesho baada ya chakula cha mchana atapiga kwenye kompyuta, ile ya kuonana sura. Baba akipokea mwenyewe, anakata tiketi anakuja. Asipopokea, amesema atakuwa ameelewa, na hatauliza tena."

"Na Mjomba amesemaje?"

"Mjomba wako hajui."

"Mama, mwambie."

"Nikimwambia leo, kesho atakuwa getini tangu alfajiri. Namjua. Nataka simu imkute kwenye kiti." Alishika ukingo wa meza. "Wewe utakaa pembeni yake. Ikilia unamwambia tu bonyeza hapa. Akiiona sura yake, ataongea."

Sikuupenda mpango huo, lakini yeye ndiye aliyelala na mume huyo miaka yote, si mimi. Nikarudi sebuleni kufanya kazi ninayoijua.

Kusafisha uchafu wa aina hii hakuhitaji akili nyingi. Kunahitaji subira, na subira ndiyo niliyokuwa nimeimaliza yote kwa wahasibu. Kwanza nilizima mtandao ili yale madirisha yasiendelee kuitana. Nikafungua orodha ya programu zilizomo, nikaipanga kwa tarehe, na pale kwenye siku ya karata nikakuta kundi zima lililoingia pamoja: mchezo wenyewe, "msaidizi wa ununuzi," "kiharakisha mashine," na kitu kilichojiita hali ya hewa. Nikaondoa kimoja kimoja. Kila kimoja kiliuliza kwa huzuni kama kweli nataka kukifukuza, na mjomba, aliyekuwa nyuma ya bega langu, akaguna kwa kukionea huruma.

Kisha nikaingia kwenye kivinjari. Huko kulikuwa na viendelezi, vile vipande vidogo vinavyojibandika na kuamua wewe uone nini. Nikavitoa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umebadilishwa, nikaurudisha. Ukitafuta neno lolote ulikuwa unapelekwa kwenye injini ya kutafuta isiyojulikana na mtu, nikairudisha ile ya kawaida. Nikawasha mashine upya. Tukatazama wote watatu. Kivinjari kikafunguka kweupe, kimya, na mkaza mjomba akaanza kusema alhamdulillah, na kabla neno halijafika mwisho yule mwanamke wa kitambi akarudi.

Niliuma meno. Mjomba akasema taratibu, "Alikuwa hajamaliza."

Nilikaa chini tena. Mchana kutwa ulipita hivyo, jua likihama kutoka kwenye kochi kwenda kwenye kabati la vyombo. Nilikuta kwamba ikoni ya kivinjari pale kwenye uso wa kompyuta ilikuwa imeongezewa anwani ya wale mabwana mwishoni, kila ukiibonyeza unawaita wewe mwenyewe. Nikaifuta nikaweka nyingine. Bado. Nikaja kugundua kwamba ndani ya ratiba ya kazi za mashine, mahali ambapo mtu wa kawaida hana sababu ya kuingia, waliacha agizo: kila kompyuta ikiwashwa, angalia kama tumefukuzwa, na kama tumefukuzwa, tupakue upya. Lilikuwa limepewa jina la heshima, la kufanana na kazi za mashine yenyewe. Nilipolifuta nilijisikia vizuri kwa mara ya kwanza siku ile. Nikamalizia kwa kuiacha programu ya kusaka virusi ipekue kila kona, na wakati inapekua nililala kwenye kochi viatu vikiwa miguuni.

Zilibaki arifa. Mjomba alikuwa ameruhusu kila tovuti iliyomwomba ruhusa ya kumtumia arifa, na orodha ilikuwa ndefu kuliko ya waalikwa wa harusi. Hizo si virusi, hazifutwi na msako wowote, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyefungua mlango. Nikazizuia zote isipokuwa ile ya ukurasa wa kuongea kwa video, ambayo niliifungua mwenyewe na kuitengeneza kwa ajili ya kesho. Kisha nikamgeukia mwenye nyumba.

"Mjomba, sikiliza. Mimi nimesafisha, lakini ukiendelea kukubali, wiki ijayo niko hapa tena, na mimi sina hali. Hawa si watu. Hakuna mtu upande wa pili. Ni mashine inayouliza watu maelfu swali lilelile."

"Lakini wanauliza."

"Waache waulize. Wewe kataa. Pakiwa na neno 'kataa', bonyeza hilo. Pasipokuwa nalo, bonyeza msalaba pale juu pembeni. Usisome. Usingoje amalize. Usisubiri hata kidogo."

Nililisema hilo la mwisho kwa ukali kidogo, nakiri, na kwa mtu mwenye jina kama lake lilikuwa neno baya. Lakini alilipokea. Nilimfungulia kurasa za majaribio, zile zinazopenda kuuliza maswali, na akafanya mazoezi. Alibonyeza "kataa," dirisha likatoweka, akabaki akikitazama kioo.

"Limekwenda tu," alisema. "Halikusema kitu."

"Haliwezi kusema kitu."

Akajaribu jingine, na jingine. Jioni wakati naondoka alikuwa amepata kasi, na uso wake ulikuwa na kitu cha ujana, kama wa mtu aliyegundua uzeeni kwamba neno "hapana" halimuui mtu. Mkaza mjomba alinisindikiza mpaka kizingitini. "Umemharibu," alisema, akicheka, "sasa atanikatalia na chai."

Jumapili nilifika mapema nikiwa bado na usingizi machoni. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, anasoma habari kwelikweli, na alinionyesha kwa fahari dirisha la vidakuzi lililouliza kama anakubali kufuatiliwa, akalikataa mbele yangu. Mashine ilikuwa safi. Chakula kilikuwa bado, simu ilikuwa ya baada ya chakula, na mkaza mjomba akaniita jikoni nimsaidie kushusha chungu kizito, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimetoka nyumbani na njaa, akanipa sahani nianze kuonja. Nikaketi kwenye kigoda. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kijiko kilikuwa na uzito.

Sikusikia mlio. Feni ya jikoni ina kelele, na mafuta yalikuwa yakichemka.

Mjomba akatokea mlangoni, anafuta miwani.

"Nimekataa mwingine," alisema.

"Vizuri, Mjomba," nilijibu na chakula mdomoni.

"Huyu alikuwa mkorofi. Analia kabisa, kama simu. Na hawa watu hawana haya hata chembe. Yule wa wasichana wa mtaani angalau anaweka picha za watu nisiowajua. Huyu ameweka msichana anayefanana na mwanangu. Wamempunguza nywele, wamemvisha miwani, lakini ni yeye mtupu. Wamejuaje kwamba nina mtoto?" Akaivaa miwani. "Nilitaka niache alie kidogo, nimtazame. Ila ulisema nisisome wala nisisubiri."

Mkaza mjomba alizima jiko. Alifanya hivyo polepole, akageuka akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Alikuwa yeye," alisema.

"Yeye nani?"

"Mwanao. Amepata likizo. Alisema ukipokea atakuja."

Mjomba alinitazama mimi, nadhani akitumaini nitasema kuna makosa ya mashine, kwamba kuna kitu nilisahau kukifuta. Nikatikisa kichwa. Mimi najua upande wa pili mtu anaona nini. Anaona maandishi: simu yako imekataliwa. Asingeona kwamba baba hayupo, wala kwamba mtandao ni mbovu. Angeona amekataliwa, na ndilo jibu alilokuwa amelingoja na kuliogopa.

"Mbona hamkuniambia?" mjomba aliuliza. Sauti yake ilipanda. "Mmekaa humu wawili mnanipangia, nyumbani kwangu, kama mtoto?"

"Ningekuambia ungekwenda getini," mkewe alisema.

Ilikuwa kweli, na sote watatu tulijua ni kweli.

Mkaza mjomba alikwishatoa simu yake ndogo kwenye mfuko wa gauni. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Safari hii ikakatwa. Aliiweka mezani karibu na vitunguu, akakaa kwenye kigoda changu, na machozi yakamtoka bila kelele. Nilijisikia nina hatia, na zaidi ya hatia nilijisikia nimechoka, nimechoka na mashine, na watu, na vinywa vinavyosema nusu ya neno.

"Tunaweza kumpigia kwa kompyuta," nilisema mwishowe. "Ila apige Mjomba. Jina litakalotokea kwake litakuwa la Mjomba."

"Mimi sipigi," alisema, bila ukali. "Sijui kupiga. Mimi ni wa kupigiwa."

Nilidhani anakataa. Ndipo nikaona ameshageuka anarudi sebuleni, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

Alikaa. Nilimwonyesha kitufe. Alikibonyeza mwenyewe, kwa kidole kilichonyooka, na sauti ya kuita ikajaa chumbani. Iliita mpaka ikakoma yenyewe. Akanitazama. Akabonyeza tena. Mkaza mjomba alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti, akiegemea mgongo wa mbao wa kile kiti. Ikaita tena mpaka ikakoma. Kila ilipokoma mjomba alikaa kidogo na mikono mapajani, akavuta pumzi, akabonyeza upya, na mimi sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama kivuli chake kwenye kioo cha kabati. Sijui alipiga mara ngapi. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwambia inatosha wakati kioo kilipowaka.

Binamu yangu alikuwa kwenye chumba kidogo chenye rafu za mashuka nyuma yake, amevaa sare ya kazi. Nywele fupi, miwani. Macho mekundu. Hakusalimu.

Mjomba naye hakusalimu. Aliinuka nusu. "Subiri kidogo," alisema, "nakupa mama yako."

Mkaza mjomba akamshika begani akamrudisha kwenye kiti. "Mimi naongea naye kila wiki," alisema. "Kaa."

Akakaa. Hakuna dirisha hata moja lililofunguka kumsaidia.

"Umenikataa, Baba," binti alisema.

"Nimekukataa. Sikujua ni wewe. Kompyuta ilikuwa imejaa matapeli, nikadhani wameiba sura yako. Muulize binamu yako, huyu hapa."

Binti hakuniuliza. Hakunitazama kabisa. "Na siku ile mlangoni?"

Mjomba alishusha macho kwenye mikono yake. Nilimwona akitafuta pa kutokea, maana ninamjua, na nikaona alipoacha kutafuta.

"Siku ile nilijua ni wewe," alisema. "Hiyo sina wa kumsingizia. Niliogopa mama yako atakufa na mimi niko peke yangu, nikakutolea wewe hasira. Nilikuambia usipige, kisha nikakaa hapa kila siku nikisubiri upige. Nimekukosea, mwanangu."

Mkaza mjomba aliweka kiganja mdomoni. Binti alivua miwani yake, akaifuta kwenye sare, akaivaa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kubeba kitu kizito na hajui akitue wapi.

"Nimechoka, Baba. Niko kazini, nimejificha stoo. Tangu jana sijalala nikiiwazia hii simu, hata nikashindwa kungoja mmalize kula. Sijui kama nitakuja. Nilikuwa nimejiambia ukipokea nakuja, na hukupokea. Sasa sijui."

"Haya."

"Sikukomoi. Sijui tu."

"Nimesikia," mjomba alisema. "Kesho nitapiga."

"Wewe?"

"Mimi. Usipopokea nitapiga keshokutwa."

Binti alimtazama baba yake. Mtu akamwita kutoka nje ya ile stoo, akageuza kichwa, akarudisha. "Jioni ndiyo huwa nimetoka kazini," alisema. "Jioni ya huku." Kisha picha ikaondoka.

Chakula kilikuwa kimepoa na hakuna aliyekikumbuka. Mkaza mjomba alikuwa bado ameshika bega la mumewe. Mimi nilikuwa nimekwisha kushika mkoba wangu, nikitamani kitanda changu, mjomba alipovuta ule mkono wa kiti nilichokuwa nimekalia jana akakisogeza karibu na chake.

"Nionyeshe tena namna ya kupiga," alisema. "Polepole. Kesho hutakuwepo."